Mzee Kaleb na Msamaha wa Kurasa Nne

Haya, wasomaji wangu, pumueni. Barua zenu nimezipata. Wewe wa Kerenge uliyeandika kwamba nisipomwozesha Hosiana wiki hii unaacha kununua gazeti, vitisho vyako vimefika salama. Lakini mimi si mchungaji wala si mzazi wa binti, na mtu aliyesimama kanisani Jumapili ile hakuniomba ruhusa.

Maana pale ndipo tulipoachia. Mwaka ni sabini na tano, kijiji cha ujamaa kule Mashewa. Mchungaji Shehiza ametangaza ndoa kwa mara ya tatu na ya mwisho: Zefania Semboja, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na Hosiana Kaleb, mfanyakazi wa zahanati. Akauliza, kama desturi, iwapo yupo mwenye pingamizi. Nyuma ya Hosiana benchi likalia, mtu akasimama.

Hosiana akageuka. Aliona koti jeusi, akaona na tai aliyoipiga pasi kwa mikono yake mwenyewe asubuhi ile.

"Mimi hapa," alisema Mzee Kaleb Mhina. "Baba mzazi."

Lo! Kanisa zima likavuta pumzi.

Mchungaji alivua miwani. "Mzee Kaleb, wewe ni mzee wa kanisa. Jumapili mbili nimetangaza, umekaa kimya kama hujasikia."

"Nilikuwa naomba, Mchungaji. Majibu nimeyapata leo."

"Majibu gani?"

"Kwamba binti yangu hawezi kuingia nyumba ya mtu aliyetengwa."

Vichwa vyote viligeuka kuelekea benchi la mwisho, kule kwenye magunia ya mahindi ya njano. Msishangae magunia. Tangu watu washushwe kutoka milimani wakati wa Operesheni ya vijiji, kanisa lao lilikuwa halijaezekwa, kwa hiyo walisali ndani ya ghala la kijiji. Mimbara ilikuwa masanduku mawili ya majani ya chai yaliyofunikwa kitambaa cheupe. Na benchi la nyuma, tangu kanisa la kule milimani, mwaka wa tisa sasa, ndilo alilokuwa anakaa mzee Semboja, baba yake Zefania.

Kwa msomaji mgeni nieleze. Kutengwa si kufukuzwa. Unakuja, unakaa, unaimba, unatoa sadaka, ila Meza ya Bwana huisogelei mpaka siku utakaposimama mbele ya watu ukaitaja dhambi yako na kuomba msamaha. Semboja alitengwa mwaka sitini na sita, kwa kosa la kuonekana akitoka uani kwa mganga mmoja wa Misima, huko Handeni. Aliyepeleka habari kwa wazee alikuwa Kaleb, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mwezi uliofuata Kaleb akachaguliwa mzee wa kanisa, na Semboja akahamia benchi la nyuma. Sadaka yake, hata hivyo, haikutengwa hata siku moja.

Zefania alisimama. Kijana mrefu, mpole, suruali yake ya Jumapili imefupika kidogo.

"Shikamoo mzee," alisema. "Hilo la baba ulilijua tangu nilipoleta posa. Mbona jogoo wa posa mlimla?"

"Jogoo hakuwa ametengwa," alijibu Mzee Kaleb.

Watu walicheka. Hosiana hakucheka. Zefania alikuwa amehamishiwa Mpwapwa na gari la kumchukua lilikuwa linakuja Ijumaa. Tangazo likivunjika leo, kungekuwa na Jumapili tatu nyingine za kuanza upya, na bwana harusi angekuwa yuko Mpwapwa anafundisha wazee wa Kigogo kuandika majina yao. Na nani angemrudisha? Hosiana alimpenda Zefania kwa moyo wake wote.

"Njia ipo," alisema Mchungaji Shehiza. "Semboja akitubu leo hii, anarudishwa kundini leo hii, na pingamizi linakufa. Na wewe Mzee Kaleb, kwa kuwa ndiwe uliyemshtaki, utamsamehe kwa kinywa chako mbele ya usharika. Uko tayari?"

"Kama itampendeza Mungu," alisema Mzee Kaleb, na hapo hapo akatia mkono ndani ya koti na kutoa karatasi.

Ilikuwa imeandikwa. Kurasa nne! Hosiana aliitambua karatasi ile, ilikuwa imechanwa kwenye daftari lake la zahanati. Kumbe baba hakutaka kuvunja ndoa hata kidogo. Alitaka kusamehe, na alitaka kusamehe siku ambayo ghala limejaa mpaka mlangoni, kwa sababu mwezi uliofuata kulikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Pingamizi lilikuwa mlango tu wa kupitishia hotuba.

"Baba jamani," alinong'ona Hosiana.

"Kaa kimya, mwanangu," alinong'ona Mzee Kaleb. "Utaolewa kwa heshima."

Sasa akanyanyuka Ndugu Mbaruku, mwenyekiti wa kijiji, Mwislamu safi, aliyealikwa kwa kuwa ghala ni lake na funguo ni zake. Alivuta suti yake ya Kaunda ikakaa sawa.

"Ndugu wananchi, tusipoteze muda, kesho kuna palizi ya shamba la ujamaa. Wanaounga mkono msamaha wanyooshe mikono!"

Mikono ikanyooshwa, maana watu walishazoea.

"Wanaopinga? Hakuna. Msamaha umepita."

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Mchungaji kwa upole, "mwenyewe bado hajatubu."

"Atatekeleza. Azimio si lipo?"

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotokea mlangoni.

"Na mimi nina neno."

Watu walianza kucheka kabla hawajageuka. Alikuwa Bi Mashavu, Mzigua wa Misima, mtani wa ukoo wa Mzee Kaleb tangu enzi za mababu. Na mtani mnamjua. Mtani hachukiwi. Kwenye msiba wa kaka yake Kaleb, Bi Mashavu alivaa kofia ya marehemu akaigiza anavyokohoa, wafiwa wakacheka mpaka wakaanza kulia upya. Leo alikuja kwa sababu binti wa ukoo ule hatoki nyumbani mtani asipodai chake.

"Dai lako, Bi Mashavu!" alipiga kelele mtu wa kwaya. "Unataka nini? Bibi harusi au mbuzi?"

"Leo sidai mbuzi," alisema Bi Mashavu, na akasogea katikati ya ghala, khanga yake ameikaza kifuani. "Mganga wa Misima alikuwa kaka yangu, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyekuwa nawapikia wageni wake. Mtu aliyekuja kuaguliwa siku ile si Semboja. Ni huyu mwenye tai."

Ghala lililipuka kwa vicheko.

"Alitaka dawa gani?" aliuliza mwingine, machozi yamemtoka.

"Dawa ya kushinda uzee wa kanisa!"

Ala! Waimbaji wote wa sauti ya kwanza waliangukiana. Mchungaji mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanamtikisika. Mganga na uzee wa kanisa! Nani aliwahi kusikia kitu kama hicho? Wazigua hawa wana vipaji.

"Jamani, leo sitanii!" alisema Bi Mashavu.

Wakacheka zaidi. Mama mmoja alitolewa nje kwa kukosa pumzi.

"Semboja alikuja kumtoa! Alisimama uani anaita, Kaleb, toka, twende nyumbani, hapa si mahali pako. Huyu bwana kusikia anaitwa, akaruka ua wa nyuma, akaangukia banda la kuku. Waliokuwa wanapita njiani wakamwona nani? Wakamwona Semboja!"

"Na kuku je, walipona?" aliuliza Ndugu Mbaruku, anajifuta macho kwa leso.

"Wawili walikufa. Na kaka yangu alimpa mwiko, asile boga mpaka anaingia kaburini. Akila boga siku moja tu, uzee wa kanisa unamtoka!"

Hapo sasa hata wazee wa kanisa wenyewe walipigana mabega. Mzee Kaleb naye alicheka. Alichelewa kidogo, lakini alipoanza, aliwapita wote kwa sauti. "Ah, mtani wangu," alisema, "utaniua wewe."

Hosiana peke yake alibaki ameduwaa.

Boga.

Miaka tisa nyumbani kwao boga halikukanyaga. "Tumbo la baba yenu haliliwezi," mama alikuwa akisema. Mwaka jana wakati wa njaa, kijiji kizima kiliishi kwa boga na mahindi ya njano ya msaada. Siku ambazo mahindi yalichelewa, watu walikula boga tupu, asubuhi na jioni, na baba yake alilala njaa siku nne mfululizo hadi macho yakamwingia ndani. Jumapili yake Mchungaji alimsimamisha mbele ya usharika akamsifu kwa kufunga na kuomba wakati wenzake wanafikiria matumbo. Hosiana alilia siku ile kwa kujivunia baba.

Akamgeukia mama yake, Mama Lea, aliyekaa karibu naye.

"Mama."

"Nyamaza."

"Mama, boga!"

Mama Lea alitazama chini. "Mimi mwenzio huwa nakwenda kulila kwa Bi Mashavu," alisema taratibu.

Kumbe! Kwa hiyo mama alijua. Na Bi Mashavu alikuwa anasema kweli tupu, mbele ya watu mia mbili, na watu mia mbili walikuwa wanampigia makofi.

"Basi chekeni," alisema Bi Mashavu. Hakuna aliyeona kwamba sauti yake ilikuwa imebadilika, ila Hosiana. "Hii mara ya nne nasema. Nilisema msibani, nilisema kwenye ubatizo wa mjukuu wake, nikasema kwenye mkutano wa kijiji. Mara zote mmenishangilia." Alirudi mlangoni, akakaa juu ya gunia.

"Tumshukuru mtani wetu kwa kutuchangamsha," alisema Mchungaji, akavaa miwani yake tena. "Sasa turudi kwenye mambo ya maana. Mzee Semboja, uko tayari?"

Semboja alinyanyuka kutoka benchi la mwisho. Alitembea polepole, goti lake moja bovu, shati lake jeupe limefungwa kifungo mpaka shingoni. Alipofika kwenye benchi la Hosiana, binti alimshika mkono wa shati.

"Baba," alimwambia, maana huyu naye alikuwa karibu kuwa baba yake. "Ni kweli?"

"Kweli ipi, mwanangu?"

"Ya Misima."

"Nilidhani angesema mwenyewe Jumapili iliyofuata," alisema Semboja. "Nikangoja. Jumapili zikawa nyingi."

"Sasa unakwenda kutubu nini?"

"Nakwenda kuwaozesha ninyi."

"Usikubali! Baba, usikubali uongo huu!"

"Sikiliza, Hosiana. Mama yake Zefania alipokuwa anakufa, Mchungaji alimletea Meza ya Bwana kitandani. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka walipomaliza, kwa sababu nimetengwa. Nikishaweza hilo, hili la leo litanishinda? Ninyi oaneni, mwende zenu Mpwapwa. Niachie shati."

Hosiana aliliachia. Hasira ilimpanda, na huruma ikampanda nyuma yake, akashindwa kujua kipi kinamtoa machozi.

Semboja akapiga magoti mbele ya masanduku ya chai.

"Mimi Semboja," alisema, "mwaka sitini na sita nilionekana Misima kwa mganga. Naomba usharika unisamehe."

Angalieni mzee yule. Alisema alionekana. Hata katika kujisingizia hakuthubutu kusema uongo, na hakuna aliyesikia tofauti.

"Unatubu?" aliuliza Mchungaji.

"Natubu."

"Mzee Kaleb, karibu."

Mzee Kaleb alikuja mbele. Alikunjua karatasi, akakohoa, akainua kidevu.

"Ndugu Semboja! Ubaya ulioutenda ni mkubwa, na aibu uliyoiletea usharika huu haipimiki. Lakini mimi moyo wangu ni mpana. Kwanza kabisa nianze na moyo wangu."

Na kweli akaanza na moyo wake. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa moyo wake. Wa pili ulikuwa magoti yake, jinsi yalivyoota sugu kwa maombi. Semboja alibaki amepiga magoti juu ya sakafu ya saruji, goti bovu linatetemeka, anangoja kusamehewa.

Hosiana alimtazama Zefania. Zefania alikuwa anatabasamu kwa furaha ya mtu aliyeona pingamizi linakufa. Kijana hakujua lolote. Bado kurasa mbili tu, na Mchungaji angefunga kitabu, na Jumatano wangeoana, na Ijumaa wangepanda gari. Hosiana alitakiwa kufanya kitu kimoja tu, kukaa kimya dakika tano. Wangapi kati yenu mngekaa? Mimi ningekaa, nawaambieni ukweli.

"Wakati wa njaa," Mzee Kaleb alikuwa anasoma, sasa ukurasa wa tatu, "wenzangu mliponishuhudia nimefunga siku nne kwa ajili yenu, mimi nilikuwa namwombea nani? Nilikuwa namwombea huyu!"

Akamnyooshea Semboja kidole.

Hosiana akasimama.

Alitoka kwenye benchi lake. Mama Lea alijaribu kumshika gauni, akalikosa. Binti alipita katikati ya watu, akafika mbele, akapiga magoti pale chini kando ya Semboja, bega kwa bega, na akainua uso kumtazama baba yake.

Watu waliguswa. "Anamwombea mkwewe," walinong'ona kina mama. "Binti mwenye malezi."

Mzee Kaleb alimpa tabasamu la kibaba. "Mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nafika kwenye kumsamehe."

"Baba," alisema Hosiana. Sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Mimi nimekusamehe."

Mtu mmoja kwenye kwaya alianza kucheka. Akatazama huku na huku, akajikuta yuko peke yake, akaziba mdomo.

Maana Hosiana hakuwa mtani wa mtu. Alikuwa binti wa kuzaliwa, mwenye adabu zake, na binti wa Kishambaa hamtanii baba yake mbele ya Mchungaji.

"Unasema nini wewe?" alisema Mzee Kaleb.

"Nimekusamehe, baba. Ya Misima, ya mwaka wa njaa, na ya huyu mzee. Nakupenda na nimekusamehe yote. Ila yeye asikuombe msamaha. Hapana. Hata kama siolewi."

Zefania tabasamu lilimtoka. Alimtazama baba yake, akamtazama mkwewe, na Hosiana aliona rangi ya uso wake ikigeuka alipoanza kuelewa.

Benchi likalia tena. Safari hii alikuwa Mama Lea.

"Na mimi mkeo nimekusamehe," alisema, akakaa.

Mzee Kaleb alifunua ukurasa wa nne, akaukunja tena. Kule chini, bila kuinua kichwa, Semboja alisema kwa sauti ndogo ya mtu anayezungumza na rafiki, "Mimi nilishakusamehe zamani, Kaleb. Ulikuwa hujui tu."

Hapakuwa na kicheko.

Mchungaji Shehiza alikiweka chini kitabu cha nyimbo. Alitoka nyuma ya masanduku ya chai, akaja taratibu mpaka akasimama uso kwa uso na mzee wake wa kanisa.

"Mzee Kaleb," alisema, "wamekusamehe nini?"